Rangi za usalama katika gari: Lugha inayosomwa na asiyejua kusoma

NDANI ya gari dogo kuna kitufe kimoja ambacho, kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, hakiruhusiwi kuwa na rangi nyingine yoyote isipokuwa nyekundu. Si kitufe cha redio, wala si cha kupandishia vioo. Ni kile cha kufungulia mkanda wa usalama.

Kanuni namba 16 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu mikanda ya magari, inaagiza kwamba sehemu inayobonyezwa ili kuufungua mkanda iwe nyekundu. Inaongeza sharti jingine ambalo watumiaji wengi wa magari hawalijui: hakuna sehemu nyingine ya kifungio hicho inayoruhusiwa kuwa na rangi hiyo. Aidha, mkanda unapaswa kufunguka kwa kitendo kimoja chepesi, bila kuzungusha wala kuvuta huku na huku.

Sababu yake ni rahisi. Anayekitafuta kitufe hicho katika saa ya hatari huenda asiwe mwenye gari. Huenda akawa mkulima aliyekuwa akipalilia mahindi kando ya barabara ya Ngaramtoni, au mchuuzi wa ndizi wa Tengeru aliyeacha meza yake na kukimbilia gari lililopinduka. Mtu huyo pengine hajawahi kumiliki gari. Hana muda wa kusoma maelezo, na hata angekuwa nao, huenda maelezo yenyewe yameandikwa kwa Kijapani. Anachohitaji ni kuona pekundu, akabonyeza, akamtoa mtu.

Hivyo ndivyo zilivyokusudiwa rangi zote za usalama katika gari. Ni lugha iliyobuniwa ili isomwe na mtu aliyeshikwa na hofu, gizani, katika muda usiofika sekunde moja, pasipo kujali ametoka taifa gani. Hata hivyo, katika barabara zinazouzunguka Mlima Meru lugha hiyo huharibiwa kila siku, mara nyingi bila nia mbaya: kwa taa za mapambo, kwa karatasi nyeusi zinazobandikwa juu ya taa za nyuma, kwa kava za viti na kwa mafundi wanaozima onyo badala ya kuondoa ubovu.

Mkoa wa Arusha unaijua gharama ya ajali. Mei 6, 2017, wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wa Shule ya Msingi Lucky Vincent walipoteza maisha baada ya basi lao kutumbukia katika korongo eneo la Rhotia, wilayani Karatu. Wanafunzi watatu walionusurika walipelekwa kutibiwa Marekani. Februari 24, 2024, katika eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, lori lililoelezwa kufeli breki liligonga magari mengine matatu, na watu 25 walifariki dunia.

Makala haya hayadai kwamba rangi ya taa au ya kitufe ndiyo iliyosababisha misiba hiyo. Yanachoeleza ni kwamba pale ambapo roho za watu hutegemea onyo la nusu sekunde, kila ishara ndani na nje ya gari ina kazi yake, na anayeiharibu anamnyima mtu mwingine nafasi ya kujiokoa.

Nyekundu nyuma, nyeupe mbele

Wakazi wa Arusha hawahitaji kufundishwa kwamba rangi inaweza kuwa lugha. Abiria anayesubiri kifodi hutazama mstari wa rangi ubavuni mwa gari kabla hata ya kusikia sauti ya konda. Vilevile, kila mtu anafahamu kwamba kibao cha namba chenye rangi ya njano ni cha gari la mtu binafsi, na cheupe ni cha gari la biashara.

Taa za gari zina sarufi ya namna hiyo hiyo, na kanuni yake ya kwanza ni kwamba mbele ya gari ni nyeupe na nyuma yake ni nyekundu. Mkataba wa Vienna kuhusu Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1968 ulilithibitisha jambo hilo ambalo watengenezaji wa magari walikuwa wamekwisha kulizoea. Mantiki yake ni ya kumsaidia dereva anayekutana na nuru gizani. Akiona nyeupe, anajua kuna chombo kinachomjia. Akiona nyekundu, anajua kuna chombo kilicho mbele yake, ama kinakwenda upande aendao yeye ama kimesimama, na kwamba huenda akakigonga.

Kanuni hiyo inahusu pia viakisi mwanga, ambavyo havina umeme wowote na huwaka kwa nuru ya mwenzio. Vya mbele ni vyeupe, vya ubavuni ni vya rangi ya machungwa, na vya nyuma ni vyekundu. Ndiyo maana lori lililoharibika na kuachwa barabarani bila taa bado linaweza kujitambulisha, ikiwa viakisi vyake havijafunikwa na tope.

Taa nyeupe ya nyuma ina maana moja tu: gari linarudi nyuma. Huu ndio msamaha pekee, pamoja na ile taa ndogo inayomulika kibao cha namba. Kwa hiyo dereva anayevunja kioo chekundu cha taa ya nyuma na kuendelea kutembea na globu tupu anatangaza kwa walio nyuma yake kwamba anarudi kinyumenyume, hali anakwenda mbele kwa kasi. Vivyo hivyo, anayefunga vitaa vyekundu kwenye uso wa gari lake ili lipendeze anawaambia wanaokuja kwamba wanalifuata gari kwa nyuma, hali wanakutana nalo uso kwa uso.

Taa za buluu zinazomweka, yaani vimulimuli, nazo si pambo. Ni alama ya magari ya dharura. Kila gari la kawaida linalojivika buluu linawazoesha watu kutoijali, na siku gari la wagonjwa litakapohitaji njia, hakuna atakayeharakisha kuipisha.

Breki na indiketa

Taa ya breki ni nyekundu kama taa ya kawaida ya nyuma, lakini lazima iwe kali zaidi, kwa sababu tofauti ya ukali ndiyo ujumbe wenyewe. Gari ambalo taa zake za kawaida zimebadilishwa zikawa kali mno, au zimefunikwa kwa karatasi nyeusi, huondoa tofauti hiyo. Dereva wa nyuma haoni badiliko lolote mguu unapokanyaga breki.

Taa ya tatu ya breki, iliyo juu katikati, ilianza kuwa ya lazima kwa magari mapya madogo nchini Marekani kuanzia matoleo ya mwaka 1986. Iliwekwa juu ili ionwe hata na dereva wa gari la pili au la tatu nyuma, kupitia vioo vya magari yaliyo katikati. Katika msongamano wa barabara ya Arusha kwenda Moshi, pale Tengeru au Usa River siku ya soko, taa hiyo hutoa habari mapema kuliko zile mbili za chini.

Aina ya taa nayo ina uzito. Globu ya waya huhitaji takribani sehemu mbili za kumi za sekunde ili ifikie mwanga wake kamili, ambapo taa ya LED huwaka papo hapo. Kwa gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, muda huo mdogo ni sawa na zaidi ya mita nne za barabara. Mita nne zinatosha kuwa tofauti kati ya kusimama na kugonga.

Kwa upande wa indiketa, nchi nyingi zimechagua rangi ya machungwa ili isichanganywe na breki. Marekani inaruhusu indiketa nyekundu kwa nyuma, jambo ambalo limekuwa likijadiliwa na wataalamu kwa miaka mingi. Magari mengi ya Tanzania hutoka Japani, na yale huja na indiketa za rangi ya machungwa.

Hata hivyo, katika barabara ya Arusha kwenda Namanga na nyinginezo za Afrika Mashariki, madereva wa malori wamejitungia lahaja yao. Lori likiwa mbele na indiketa yake ya kulia ikawaka, mara nyingi dereva anamwambia wa nyuma: usipite, kuna gari linakuja. Ikiwaka ya kushoto, anamwambia: pita, njia ni nyeupe. Usiku, wapo wanaowasha indiketa ya kulia wanapokutana ili kumwonyesha mwenzao mwisho wa ubavu wa gari.

Ni lahaja yenye nia njema, na imewaepusha wengi na ajali. Tatizo lake ni kwamba haimo katika sheria na ina maana mbili. Indiketa ya kushoto inaweza kumaanisha "pita", na inaweza kumaanisha kwamba lori linataka kuegesha. Ya kulia inaweza kuwa katazo, na inaweza kuwa lori linakata kweli kuingia njia ya shamba. Dereva mgeni asiyeijua lahaja hiyo anaisoma kwa kitabu, na mwenyeji anaisoma kwa mazoea. Wawili hao wakikutana kwenye mlima wa Oldonyo Sambu, kutoelewana kwao kunaweza kuwa kwa mwisho. Njia salama ni kutoichukua indiketa ya mwenzio kama ruhusa, bali kuangalia kwa macho yako mwenyewe kabla ya kupita.

Shuka jekundu na jicho la jioni

Kuna kosa moja linalotokana na imani kwamba nyekundu huonekana daima kuliko rangi zote. Mchana nyekundu huonekana vizuri. Shuka jekundu la mfugaji wa Kimaasai huonekana kutoka mbali sana katika mbuga za kuelekea Longido. Lakini jua likizama, mambo hugeuka.

Jicho la binadamu lina aina mbili za seli za kupokea mwanga. Zile za mchana hutambua rangi. Zile za gizani hutambua mwanga hafifu, lakini karibu hazioni nyekundu kabisa. Kwa hiyo giza linapoingia, nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kufifia na kuonekana nyeusi, ilhali buluu na kijani huendelea kuonekana kwa muda. Mwanasayansi Jan Purkinje alilieleza jambo hili katika karne ya 19, na hadi leo linaitwa kwa jina lake.

Matokeo yake ni kwamba shuka lililoonekana vizuri saa 10 jioni linaweza kugeuka kivuli saa moja usiku, na mwenye nalo hajui kwamba ametoweka machoni mwa madereva. Taa nyekundu ya gari haipati tatizo hilo kwa sababu yenyewe inatoa nuru. Kitambaa hakitoi.

Hapo ndipo zinapoingia nguo za kuakisi. Vizibao vya njano inayoelekea kijani, vinavyovaliwa na baadhi ya waendesha bodaboda na mafundi wa barabara, vina kazi mbili tofauti. Rangi yenyewe hung'aa mchana na jioni, kwa kuwa hugeuza miale ya jua isiyoonekana kwa macho ikawa nuru inayoonekana. Usiku kazi hiyo hukoma, na ile mistari ya fedha ndiyo inayobaki. Mistari hiyo ina vigololi vidogo vya kioo vinavyorudisha mwanga wa taa za gari kule kule ulikotoka. Kizibao kilichochakaa mistari yake ni kizibao cha mchana tu.

Pembetatu nyekundu ya tahadhari, inayowekwa barabarani gari linapoharibika, imetengenezwa kwa mchanganyiko huo huo: sehemu ya kung'aa mchana na sehemu ya kuakisi usiku. Matawi ya miti ambayo utingo wengi huyakata na kuyatandaza nyuma ya lori hayana hata moja kati ya hayo. Usiku tawi la kijani halirudishi mwanga. Zaidi ya hayo, mara nyingi lori huondoka na matawi hubaki barabarani, yakawa hatari mpya.

Ukungu unaoshuka kutoka Meru katika miezi ya baridi nao umezua imani yake, kwamba taa za njano hupenya ukungu. Ufaransa ililazimisha taa za mbele za njano kuanzia mwaka 1936, na sharti hilo lilikoma mwaka 1993. Lakini matone ya ukungu ni makubwa mno kulinganishwa na mawimbi ya mwanga, hivyo hutawanya rangi zote takribani kwa kiwango kimoja. Kinachosaidia ni taa iliyofungwa chini na kuelekezwa chini, pamoja na kupunguza mwendo. Taa kali katika ukungu hujenga ukuta mweupe mbele ya dereva mwenyewe.

Dashibodi nayo ina sarufi yake

Ndani ya gari, rangi hufuata mpangilio unaofanana na wa taa za kuongozea magari. Nyekundu ni amri: simama mahali salama, kuna hatari. Rangi ya machungwa ni onyo: endelea kwa uangalifu, utafute fundi. Kijani ni taarifa tu kwamba kifaa fulani kinafanya kazi. Buluu imetengewa taa kali za mbele, ili dereva akumbuke kuzishusha anapokutana na mwenzake.

Kwa mantiki hiyo, alama ya shinikizo la mafuta ya injini, ya joto la injini na ya breki huwa nyekundu. Alama ya injini na ya mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga huwa ya rangi ya machungwa. Dereva asiyejua neno lolote la Kijapani anaweza kulielewa gari lake kwa rangi peke yake.

Jambo muhimu ambalo wanunuzi wa magari yaliyotumika hulisahau ni jaribio la mwanzo. Ufunguo unapozungushwa kabla injini haijawaka, taa nyingi za onyo huwaka kwa pamoja. Alama ya mfuko wa hewa, ambao mafundi huuita eabegi, hukaa kwa sekunde chache kisha huzimika. Gari hapo linajikagua. Ikiwa taa hiyo haiwaki kabisa, hiyo si dalili ya uzima. Huenda imechomolewa au imeunganishwa na taa nyingine ili mnunuzi asijue kwamba mfuko ulikwisha kufumuka katika ajali ya zamani na haukuwekwa mwingine. Anayenunua gari hana budi kutazama mambo mawili: kwamba taa imewaka, na kwamba imezimika.

Waya wa njano na kebo ya rangi ya machungwa

Zipo rangi zilizowekwa kwa ajili ya fundi. Nyaya na viungio vya mfumo wa mifuko ya hewa kwa desturi ya watengenezaji wengi huwa vya njano. Maana yake ni kwamba usizikate, usizipime kwa taa ya majaribio, wala usizichomoe kabla ya kutenganisha betri na kusubiri kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Mfuko wa hewa hufumuka kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, na nguvu hiyo ikimkuta fundi ameinamia usukani inaweza kumuua.

Magari yanayotumia umeme, pamoja na yale yanayochanganya petroli na umeme, yameleta rangi nyingine. Kebo zake zenye umeme mkubwa zina ganda la rangi ya machungwa, kwa mujibu wa Kanuni namba 100 ya Umoja wa Mataifa. Magari ya namna hiyo yameongezeka nchini, na jijini Arusha yapo hata magari ya utalii ambayo injini zake za dizeli zimebadilishwa kuwa za umeme. Kwa muokoaji anayetaka kukata bati ili kumtoa majeruhi, kebo hiyo ni mpaka asiopaswa kuuvuka.

Mgeni mwingine ni mrija mwekundu unaokaa karibu na miguu ya abiria wa mbele katika magari mengi ya Japani. Wengi huudhani ni tochi mbovu wakautupa, na wengine huwaachia watoto wauchezee. Ule ni mwenge wa dharura, ambao sheria ya Japani inataka uwemo ndani ya gari. Ukisuguliwa kichwa chake huwaka moto mwekundu kwa takribani dakika tano ili kuwaonya madereva wengine. Muda wake wa kutumika ni miaka minne, kwa hiyo uliomo katika gari lililoagizwa likiwa na umri wa miaka kumi umekwisha muda. Usiwashwe kamwe mahali penye petroli iliyomwagika.

Rangi ya gari lenyewe

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia, uliotolewa mwaka 2007, ulionyesha kuwa mchana magari meusi yalikuwa katika hatari ya ajali kwa kiwango kilichozidi kile cha magari meupe kwa takribani asilimia 12. Rangi za kijivu na fedha nazo zilikuwa na hatari zaidi. Tofauti hiyo si kubwa kama tofauti inayoletwa na mwendo au ulevi, lakini ipo.

Kwa Arusha, ambayo ni mji wa utalii, suala hilo lina mvutano wake. Magari ya kupeleka wageni mbugani hupakwa kaki au kijani kibichi. Kampuni hukwepa buluu na nyeusi si kwa sababu ya urembo tu, bali kwa kuwa mbung'o huvutwa na rangi hizo. Mitego ya wadudu hao hutengenezwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi kwa sababu hiyo hiyo. Lakini gari la kaki ndani ya vumbi la kaki halionekani. Linalofaa hifadhini si lazima lifae barabarani, na dawa yake ni rahisi: kuwasha taa za mbele na za nyuma hata mchana, mara vumbi linapoanza.

Mabasi ya shule yamechukua njia iliyo kinyume. Njano yao ina historia ya mwaka 1939, pale mwalimu Frank Cyr wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alipoitisha mkutano wa wataalamu wa Marekani. Walichagua njano hiyo kwa kuwa maandishi meusi juu yake husomeka vizuri katika mwanga hafifu wa alfajiri, saa ambayo watoto huwa njiani. Nchini Kenya, kanuni zilizosimamiwa na Waziri John Michuki na kuanza kutumika Februari 2004 ziliyataka matatu kuwa na mstari wa njano, pamoja na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo.

Lakini rangi ya njano nje haimshikilii mtoto ndani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 kwa muda mrefu imeweka sharti la mkanda hasa kwa dereva na abiria wa mbele, na desturi ya kufunga mkanda kiti cha nyuma imebaki kuwa dhaifu. Wakati huo huo, Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa watu waliomo ndani ya gari kwa hadi nusu. Kugonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa takribani mita kumi. Hakuna mzazi anayeweza kumshika mtoto mapajani katika pigo la namna hiyo.

Nini kifanyike

Mkanda wa pointi tatu tunaoutumia leo ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo iliwaruhusu watengenezaji wengine kuutumia. Tangu hapo kazi kubwa imefanyika ili uweze kufungwa kwa mkono mmoja na kufunguliwa kwa kidole kimoja. Ni jambo la kusikitisha basi kuona katika magari mengi kifungio kimezama chini ya kava la kiti, au tundu lake limechomekwa kipande cha chuma ili kunyamazisha kengele ya onyo.

Kabla ya safari, dereva anaweza kufanya ukaguzi usiogharimu shilingi. Azungushe ufunguo, atazame taa za dashibodi zikiwaka na kuzimika. Arudishe gari karibu na ukuta wakati wa jioni, akanyage breki, ahesabu taa nyekundu kupitia kioo: ziwe tatu kwa gari lenye taa ya juu. Afute tope kwenye viakisi, hasa msimu wa masika. Aondoe kava zinazoficha vifungio, pamoja na zile zinazobana ubavu wa kiti wenye maandishi ya mfuko wa hewa, kwa kuwa mfuko huo hutokea hapo. Ahakikishe pembetatu ipo, na kwamba inafikika bila kushusha mizigo yote.

Kisha aketi kila kiti, na kwa kila kimoja akitafute kitufe chekundu akiwa amefumba macho. Kikipatikana upesi, gari limo katika hali ambayo waliolibuni walikusudia. Kisipopatikana, ajue kwamba hata yule mkulima wa Ngaramtoni hatakipata.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Barabarani, hata hivyo, mwenye macho anahitaji kuachiwa kitu cha kutazama.